Thumni ya Mtu

Tuseme mtu amefariki Malindi mwaka 1885. Ameacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na binti mmoja. Mali yake ni shamba la mtama na ufuta, nyumba ya mawe mjini na watumwa 40. Hadaiwi, hakuacha wasia, na gharama za maziko zimeshatolewa. Mke apewe thumni yake, yaani moja ya nane. Kilichosalia kifanywe mafungu matano, kila mwana wa kiume achukue mawili na binti achukue moja. Hesabu inatoka safi: mjane watu 5, mwana wa kwanza 14, wa pili 14, binti 7.

Nimeichagua 40 kwa sababu inagawanyika. Jaribu sasa kwa 10. Mjane anapata mtu mmoja na robo. Wana wa kiume watu watatu na nusu kila mmoja. Binti mtu mmoja na robo tatu.

Wala msidhani wazee walishindwa na robo ya mtu. Milango ya fiqhi kuhusu jambo hili ni mirefu na mizito. Warithi waliweza kumbakiza mtumwa katika shirika, akawatumikia kwa zamu kwa kadiri ya mafungu yao. Waliweza kumtia bei, mmoja akamchukua na kuwalipa wenziwe. Waliweza kumuuza wakagawana fedha. Na kama mmoja wao aliiacha huru sehemu yake, kwa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu pwani ndiyo tunayoyafuata, jawabu lilitegemea mfuko wa huyo mwachaji. Akiwa na uwezo, uhuru ulienea mwili mzima naye akawafidia washirika wake. Akiwa hana, mtu yule alibaki upande huru, upande mtumwa, leo siku yake, kesho siku ya bwana.

Sehemu kubwa ya umri wangu nimekuwa karani katika ofisi ya wakili hapa Mombasa, na kazi iliyonilisha ni mirathi. Faraidhi, yaani sheria ya Kiislamu ya kugawa mirathi, naijua kama wengine wanavyoijua bei ya samaki. Viwanja, fedha za benki, matatu, nyumba za kupangisha, vyote vimepita mezani kwangu vikagawanywa kwa thumni na thuluthi zile zile. Kwa hiyo ninaposema kwamba historia ya utumwa wa pwani tunaisimulia kwa upande mmoja tu, nasema kama mtu wa nyaraka. Upande tunaousimulia ni wa sokoni.

Watoto wetu wakipelekwa Unguja na shule zao huonyeshwa Mkunazini. Huambiwa kwamba hapa palikuwa na soko, kwamba Sultan Barghash aliweka saini tarehe 5 Juni 1873 likafungwa, na kwamba hapo hapo wamisionari wa Kiingereza wakajenga kanisa. Hupiga picha, wakarudi nyumbani wakiamini mambo yaliishia pale. Hawaambiwi kwamba Unguja na Pemba utumwa uliendelea kutambuliwa kisheria hadi 1897, na upande wetu wa Kenya hadi 1907. Sasa kama soko limefungwa, miaka yote hiyo mtumwa alikuwa akimfikia vipi bwana mpya? Wengine walipitishwa kwa magendo, usiku, majahazini. Wengine walizaliwa humo humo, maana mtoto wa mjakazi, baba asipokuwa bwana mwenyewe, alikuwa mali ya aliyemmiliki mama. Na bwana alipokufa, hawa wote walihama mkono kwa mkono bila ya kupanda jukwaa la mnada. Haukuhitajika hata mnunuzi. Palihitajika kadhi, mashahidi na kalamu.

Mtazameni Seyyid Said bin Sultan mwenyewe, aliyeipanda Unguja karafuu. Alifia baharini Oktoba 1856 akirudi kutoka Muscat. Katika wasia wake aliwaacha huru watumwa wake kwa kutaraji rehema ya Mwenyezi Mungu, isipokuwa walioko mashambani. Isipokuwa hiyo isomeni mara mbili. Mtumishi wa jumbani, aliyemtia maji bwana mkononi na kumtandikia kitanda, alitoka huru. Aliyepanda mkarafuu na kuuchuma alibaki, kwa kuwa karafuu hazijichumi, na shamba bila ya watu ni msitu. Mfalme alikuwa anawaachia wanawe mashamba, na shamba lilihesabiwa pamoja na watu wake.

Wanawe waliokuwa hai, kwa hesabu ya binti yake Salme, walikuwa 36, na mama zao wote walikuwa masuria. Salme, aliyekuja kujulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, mama yake aliitwa Jilfidan, Mcherkess aliyenunuliwa angali mtoto. Baba alipofariki Salme alikuwa na umri wa kama miaka 12. Akapewa fungu lake, shamba lenye nyumba pamoja na fedha. Mwaka 1859 mama yake naye akafariki, na Salme akarithi kwake mashamba mengine matatu. Mwanamke aliyewahi kununuliwa alikufa akiwa mwenye mashamba, na mashamba hayo hayakulimwa na malaika.

Baadaye Salme aliondoka Unguja, akabatizwa na kuolewa na Mjerumani, na ndugu zake wakamnyima haki ya kurithi, kwani katika sheria yetu asiye Mwislamu hamrithi Mwislamu. Mwaka 1885 alirudi Unguja pamoja na manowari za Kijerumani kudai fungu lake kwa kaka yake Barghash. Hakupewa. Mwaka uliofuata kitabu chake kikatoka kwa Kijerumani, na ndani yake aliutetea utumwa wa kwao. Leo kitabu kinasomwa kwa lugha nyingi na dhuluma aliyofanyiwa inajulikana duniani. Madai ya waliochuma karafuu za mashamba yale hayakuandikwa na mtu.

Hapa ndipo mtu atakaponikatiza, kama ninavyokatizwa kila nikilizungumza jambo hili barazani. Ataniambia: lakini utumwa wetu haukuwa kama wa Marekani. Na ana hoja. Virginia ilitunga sheria mwaka 1662 kwamba mtoto anafuata hali ya mama yake. Mama mtumwa, mtoto mtumwa, hata baba akiwa ndiye bwana. John Wayles alipofariki huko mwaka 1773, mkwewe Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais, alipata kupitia kwa mkewe Martha kama ekari 11,000 na watu 135. Miongoni mwao alikuwemo kichanga aitwaye Sally Hemings, ambaye Wayles alimzaa na mjakazi wake. Martha alimrithi mdogo wake kwa baba. Kwetu jambo hilo lisingewezekana. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake ni mtoto kamili, anarithi sawa na wa mke wa ndoa, na anaweza kuwa sultani. Hao akina Sultan Majid na Sultan Barghash, wana wa Seyyid Said, mama zao walikuwa nani? Suria aliyezaa na bwana wake, kwa Shafii, hauzwi wala harithiwi, na bwana akifa yu huru siku hiyo hiyo.

Hoja hiyo naikubali yote, na nadhani watu wetu hawaifikishi mwisho wake. Mtoto wa suria alirithi nini? Alirithi sawa na ndugu zake, yaani alirithi watu. Mama yake hakupata hata kuti la mnazi, kwa kuwa suria si mke na thumni ni ya mke. Alipata uhuru wake na jina la kuitwa mama fulani. Mwanawe alipata wale aliolala nao mama chumba kimoja kabla bwana hajamchagua. Virginia walifunga mlango kabisa. Sisi tulimpitisha mtoto mmoja mmoja upande wa pili, tukamkabidhi wenzake wa juzi. Mimi sioni cha kujivunia katika hilo, na nasema hivi nikiwa mjukuu wa aliyepitishwa.

Mama wa nyanya yangu mzaa baba alikuwa suria. Waraka wa mirathi ya bwana wake ninao, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, karatasi imekuwa ya rangi ya chai. Bwana huyo, baba wa nyanya yangu, alifariki miaka michache kabla ya utumwa kupigwa marufuku Mombasa. Waraka unaanza na warithi, kila mmoja bin fulani bin fulani hadi pumzi ikate. Unafuata na minazi kwa idadi, miembe, kisima, vitanda vya samadari na masanduku. Kisha watu. Watu hawana bin wala binti. Ni jina moja moja, ya aina ile ya Mabruki na Majaliwa na Faraji, na pembeni mwa kila jina bei kwa rupia. Nyanya yangu, aliyekuwa bado ananyonya, aliangukiwa na minazi kadhaa na watu wawili. Mmoja alikuwa mwanamke ambaye, kwa maneno ya shangazi yangu, aliletwa jahazi moja na mama wa mtoto. Walioletwa jahazi moja walihesabiana ndugu.

Nilipomuuliza shangazi mwanamke yule aliishia wapi, alinyamaza kidogo, akasema, “Mwanangu, yule ndiye aliyemlea nyanyako. Hayo mengine yaache.”

Sikuyaacha. Nilikwenda kuisoma amri ambayo wakati wa waraka ule ilikuwa imeshatoka zamani. Tarehe 1 Agosti 1890 Sultan Ali bin Said alitangaza kwamba kuuza na kubadilishana watumwa ni marufuku katika milki yake yote, ambayo ilikuwa pamoja na pwani yetu. Humo ndani mna kifungu ambacho walimu wa historia hawakitaji: tangu siku hiyo mtumwa atarithiwa na watoto halali wa marehemu peke yao. Marehemu asipoacha watoto, watumwa wake wote wako huru papo hapo. Mtu wa mirathi akikisoma kifungu hicho anashtuka, kwa sababu kinapindua faraidhi. Katika faraidhi, marehemu asipokuwa na mtoto mjane hupata robo, na ndugu na watoto wa ammi huingia. Amri iliwatoa hao wote kwa upande wa watumwa na kuwaachia minazi. Walioiandika walijua vizuri kwamba soko halikuwa ndilo lililobaki. Walilenga mirathi.

Lakini nani angemwambia mchumaji wa Donge au mlimaji wa Mambrui kwamba bwana wake kafa bila ya mtoto, kwa hiyo jembe alitue? Hapakuwa na daftari la watumwa. Waliokuwa na karatasi ni wale wale ndugu wa marehemu waliokuwa wapoteze. Kifungu kingine cha amri hiyo, kilichomruhusu mtumwa kujinunua, kiliondolewa kabla mwezi haujaisha kwa kelele za wenye mashamba. Hicho cha mirathi kiliachwa. Nadhani kiliachwa kwa sababu hakikumtisha mtu.

Kwa upande wa nyanya yangu amri haikuwa na tatizo. Alikuwa mtoto halali. Aliwarithi wawili wake kwa idhini ya Sultan na ulinzi wa Waingereza.

Sheria za kufuta utumwa zilipokuja, Unguja 1897 na huku 1907, zililipa fidia. Aliyelipwa ni bwana. Unguja aliyetaka uhuru ilibidi aende mwenyewe mahakamani kuuomba, na akishaupata aonyeshe ana makazi na riziki ya kueleweka, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliwekwa kando hadi 1909, eti ni kama wake. Mtu aliyelima miaka 20 alitoka bila ya shubiri moja ya ardhi. Wengi hawakwenda popote. Walibaki pale pale wakifanya mapatano ya kumfanyia kazi mwenye shamba siku kadhaa ili waachiwe mahali pa kujenga kibanda na kupanda muhogo.

Kisha ikaja sheria ambayo kwangu ni kubwa kuliko zote, ingawa haitaji utumwa hata kwa neno moja. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga Sheria ya Hati za Ardhi kwa ajili ya pwani. Kila mwenye kudai shamba alete madai yake, athibitishe, apewe hati miliki. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya serikali. Malindi, ambako katika miaka ya 1870 na 1880 mtama na ufuta ulijaza majahazi, wenye majina makubwa kama Salim bin Khalfan, aliyekuwa liwali, walikuwa na maelfu ya ekari. Ushahidi wa madai ulikuwa mashahidi, na hati za kununua na kurithi. Waraka wa mirathi uliokuwa na shamba na watu ndani yake uliingia ofisini kama ushahidi wa shamba. Upande wa ardhi ukapata muhuri wa serikali, ukawa hati miliki, ikarithiwa, ikauzwa, ikarithiwa tena mpaka leo. Upande wa watu ukakunjwa ukarudishwa sandukuni. Waliotajwa humo na watoto wao wakawa maskwota juu ya ardhi waliyoifyeka, pamoja na majirani zao Wagiriama, ambao nao madai yao hayakusikilizwa.

Visiwani mnyororo huu ulikatwa mwaka 1964 kwa njia nyingine, ardhi ikataifishwa na watu wakagawiwa eka tatu tatu. Damu iliyomwagika siku zile sitaipamba. Nasema tu kwamba kule angalau swali liliulizwa. Huku kwetu halijaulizwa. Tunawauliza maskwota wa Kilifi na Malindi: hati yenu iko wapi?

Na urithi haukumwacha hata aliyekwisha kuwa huru. Katika sheria kuna haki iitwayo walaa: mahuru akifa bila ya jamaa wa kumrithi, anamrithi aliyemwacha huru, au wanaume wa ukoo wake. Mtu aliyetekwa angali mtoto jamaa angewatoa wapi? Alijichumia kibanda na miembe yake sita, akafa, na mjukuu wa bwana akaja mbele ya kadhi kudai. Madai ya aina hiyo yalifikishwa mahakamani wakati wa ukoloni, miaka mingi baada ya utumwa kufutwa.

Haki iseme na upande wa pili. Wako waliokufa wakaweka wakfu mashamba na nyumba kwa ajili ya mahuru wao na vizazi vyao. Mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, ulijaa watu waliojenga juu ya viwanja vya wakfu au kwa ruhusa ya mabwana wao wa zamani. Wasia nao ulitumika sana kuacha watu huru, hata kama sheria haikumruhusu marehemu kupita thuluthi ya mali yake. Lakini ruhusa ya marehemu ilikuwa na nguvu kwa kadiri ya aibu ya warithi. Wajukuu walipoona viwanja vina bei, waliviuza, wenye viwanja wapya wakadai kodi, na mwaka 1928 watu wa Ng'ambo wakagoma kulipa.

Sasa nasema ninachotaka. Kesi za ardhi ya pwani tunazianzia kwenye hati miliki, kama kwamba kabla ya 1908 hapakuwa na karatasi. Karatasi zilikuwepo, na zipo. Waraka wa mirathi uliowaandika watu kuwa mali ndio pia ushahidi, pengine wa pekee, kwamba watu hao walikuwepo juu ya shamba lile mwaka ule, kwa majina na idadi. Hakuna mwingine aliyejisumbua kuwaandika. Mwenye shamba aliwaandika kwa sababu aliwatia bei. Mjukuu wao leo anaposimama mbele ya tume ya ardhi na kusema wazee wangu walikuwa hapa kabla ya hati, anaambiwa athibitishe. Uthibitisho umo kabatini mwa anayemshtaki.

Najua pingamizi. Koo zinazomiliki zinaogopa kunyang'anywa. Kusoma waraka si kunyang'anya, na mwenye kuamini kwamba shamba lake ni halali asiogope kurasa mbili za babu yake. Pingamizi la shangazi ni zito zaidi. Aliniuliza: je, wajukuu wa wale wawili wako wanataka kusomewa bei ya nyanya yao? Baadhi hawataki. Wengi pwani wamejivika nasaba mpya kwa jasho la vizazi vitatu, na hakuna haki ya kuwavua hadharani. Ndiyo sababu sitaki majina haya yachapishwe magazetini. Nataka yawekwe mahali ambapo mwenye kutafuta wazee wake atayapata, na hakimu akiyahitaji atayaona.

Kwa hiyo naiomba Tume ya Kitaifa ya Ardhi, pamoja na mahakama za kadhi na Idara ya Nyaraka za Kitaifa, itenge ofisi moja hapa Mombasa na moja Malindi ya kupokea na kunakili nyaraka za mirathi za kabla ya 1907, na ikubali kuzisoma kama ushahidi wa waliokaa juu ya ardhi. Na ninyi wenye masanduku, mnajijua. Msingoje mchwa. Waraka wetu nimeshautia kwenye bahasha ya kaki. Iliyobaki ni kuambiwa niukabidhi dirisha gani.